Saumu ya Mama na Maziwa Mapya

Majuzi tulimzika Shangazi Zuhura. Kwenye hitima wanawake waliketi mkekani wakimtaja kwa mema, kama desturi ilivyo, na mema yake yote yakawa saumu. Hakuacha hata moja tangu ujana wake. Alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, akifunga sita za Mfunguo Mosi, akifunga hata magoti yalipomkatalia kusimama. Mimi nilishika juzuu yangu nikijifanya nasoma, na damu inanichemka. Mwishowe nikainuka nikaenda kusimama nje karibu na masufuria ya pilau, maana ningekaa ningesema, na maiti hasemwi. Haya, sasa keshazikwa. Nasema. Nyinyi mnaonisoma ni watu wazima wenzangu, mmelelewa na mashangazi kama mimi, mtanielewa.

Kisii ya utoto wangu ilikuwa mji mdogo wa mabati na matope. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na wanaume waliopelekwa Burma walikuwa wamerudi na makoti mazito ya jeshi, wakiyavaa hata jua likiwaka. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Sisi Waislamu tulikaa nyuma ya maduka ya Wahindi, nyumba chache zilizobanana kuuzunguka msikiti, watu wa kila namna: baba huyu Mnubi, bibi yule Mmanyema, mama wa yule mwingine Mgusii wa hapahapa. Babu yangu mzaa baba alikuja kama mpagazi wa serikali, akaoa, akabaki. Baba alikuwa mchuuzi wa chumvi na vitambaa, leo soko la Suneka, kesho Nyamira, kesho kutwa Kebirigo, anasukuma baiskeli yenye mzigo mlima baada ya mlima.

Mama alikuwa binti wa Wasabato, kutoka upande wa Suneka. Baba alimwoa na dini yake na hakumsumbua. Miaka yote ya mwanzo Mama alikuwa akivaa kitambaa chake cheupe kila Jumamosi akaenda kanisani, na hakuna aliyemwuliza kitu. Alisilimu mwenyewe, kwa hiari yake, wakati mimi nimeng'oka meno ya mbele na yeye ana mimba ya mdogo wangu Hamisi. Aliitwa Mariamu. Na ni wakati huohuo Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa Baba, alipoachwa na mumewe kule Kisumu akaja kukaa kwetu.

Shangazi ndiye aliyemfundisha Mama dini. Baba alikuwa njiani siku zote, na Mama hakujua kusoma. Basi alijifunza kama mtu anavyojifunza mapishi, kwa kutazama mikono ya mwenzake. Akiona Shangazi anasukutua, naye anasukutua. Akisikia Fatiha, anaifuata neno kwa neno, ile lafudhi yake ya Kigusii ikigongagonga mle ndani, na Shangazi anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anasema, "Rudia, wifi. Utaweza tu." Jambo lolote la dini, Mama alimtazama Shangazi kwanza. Angemtazama nani tena?

Na mimi nilimpenda Shangazi, wallahi, kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Hakuwa na mtoto. Alinisuka, alinipaka mafuta, aliniita binti yangu mbele za watu. Ramadhani ilipoingia aliniambia, "Wewe bado mdogo, funga nusu. Leo funga asubuhi, kesho funga jioni, mimi nitakuungia ziwe saumu moja." Niliamini kabisa kwamba anazo mahali, zile nusunusu zangu, labda kwenye kisanduku chake cha bati kilichonukia udi, na kwamba mchana tukilala anazitoa anazishona kwa sindano na uzi. Kuna siku nilimwuliza kama uzi bado upo. Akaniambia upo mwingi. Nilifurahi siku nzima.

Nisiidhulumu saumu yenyewe. Ilitufaa. Baba alikuwa na kiungulia kilichomtesa mwaka mzima, kwa ile chai ya sukari nyingi na maandazi ya sokoni, na kila Ramadhani kiungulia kilipotea. Alikuwa mwepesi, hata alipanda mlima wa Kebirigo bila kusimama, akarudi nyumbani na utani. Shangazi mwenyewe miguu yake iliyokuwa ikivimba ilinywea akaanza kuvaa tena viatu vyake vya Kisumu. Mimi siku za kwanza niliumwa kichwa, kisha kikatulia, na macho yakawa maangavu, na ndizi ya kuchemsha jioni ikawa tamu kuliko nyama. "Saumu ni afya," Shangazi alikuwa akisema, "inafagia mwili." Na mimi nilikuwa naona kwa macho yangu mwili wa Baba umefagiwa. Kwa nini nisiamini?

Mama alifunga tangu siku ya kwanza. Hamisi alikuwa bado mchanga, hajaanza kukaa, chakula chake ni titi tu. Mama hakulalamika. Alikuwa na furaha ya ajabu, ile ya mtu aliyeingia nyumba mpya na anataka kufagia kila kona. Jioni majirani walimletea kaimati, wakamwita Bi Mariamu, wakasema mashaallah, tazama huyu, juzijuzi tu alikuwa mtu wa kanisa. Shangazi alikuwa akiketi kando yake, kifua mbele, utadhani ni yeye anayesifiwa.

Kisha midomo ya Mama ikaanza kupasuka. Akawa akisimama anashika ukuta. Na Hamisi akaanza kulia kilio kingine, kile cha mtoto anayevuta na hapati kitu. Anavuta, anaachia, anapiga kichwa kifuani kwa Mama, analia, anavuta tena. Mama akawa anajikamua, tone moja, matone mawili, basi.

"Wifi," akamwambia Shangazi, na mimi nipo pale nachambua mchele, "maziwa inaisha. Nafanya nini?"

Shangazi hakushtuka hata kidogo. "Ala! Si ndivyo inavyokuwa? Hayo yanayotoka ni maziwa ya kwenu, ya kanisani. Saumu inayafagia. Yakishaisha yataingia mapya, ya Kiislamu. Wewe vumilia. Usirudi nyuma sasa umefika mlangoni."

Mama alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, mtoto mjinga, nikaanza kuyangoja maziwa mapya. Kila asubuhi nilichungulia kifua cha Mama nikitafuta dalili. Nilidhani yatakuwa na rangi nyingine, labda ya manjano kidogo kama samli. Hamisi akilia nilimnong'oneza, "Ngoja, yanakuja." Nilijua mambo makubwa, bwana.

Siku moja akaja bibi yangu mzaa mama, Magokoro kama Wagusii wanavyomwita bibi. Alitoka Suneka kwa miguu na kibuyu cha uji wa wimbi na kapu la chinsaga, zile mboga chungu wanazompikia mzazi ili maziwa yajae. Alimwona Hamisi mikononi mwangu akasimama mlangoni bila hata kuamkia. Akamgusa utosini kwa kidole. Ulikuwa umebonyea. Akamgeukia Mama wakaongea Kigusii haraka haraka, na nilisikia neno omwana, omwana, mara nyingi, maana yake mtoto.

Shangazi akatokea jikoni. Akampokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Karibu mama, ahsante sana. Lakini binti yako amefunga. Tutampa jioni."

"Mtu ananyonyesha anafunga nini?" Magokoro akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi. "Hii mtoto anakauka."

"Ni dini, mama. Dini yetu haijui kunyonyesha wala kutonyonyesha."

Magokoro akamtazama Mama. Mama akatazama chini. Basi yule mzee akaondoka na njia yake, analia peke yake mpaka kwenye duka la Mhindi la pembeni, nilimwona. Jioni ule uji Shangazi aliutia sukari akawapelekea majirani kama futari aliyoipika yeye. Mama alipata kikombe. Zile chinsaga sikuziona tena. Nilipouliza, Shangazi alisema chakula cha kanisani kitarudisha yale maziwa ya zamani. Nikaona ni akili. Nikamchukia Magokoro kidogo, kwa kutaka kutuharibia.

Siku chache baadaye, chuoni tulikosomea Kurani, Mwalimu alitufundisha watu wasiolazimika kufunga. Huyu Mwalimu alikuwa mzee aliyemfundisha hata Baba herufi, sauti yake nyembamba, fimbo yake haimpigi mtu. Akataja mgonjwa, msafiri, mzee asiyejiweza. Kisha akasema: na mwenye mimba, na mwenye kunyonyesha anayemhofia mtoto wake. Hao watakula, na watalipa siku zao baadaye wakipata nguvu.

Nilisimama bila kuitwa. "Hata kama mama huyo amesilimu juzi tu?"

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Dini ni moja, binti. Hakuna ya wenyeji na ya wageni."

Nilikimbia nyumbani matope yakiruka mpaka mgongoni. Sikuwahi kubeba habari njema kama ile. Mama alikuwa anamenya ndizi uani, Hamisi amelala pembeni bila kulia. Siku hizo alikuwa ameacha kulia, na mimi nilidhani amezoea. Shangazi alikuwa anapepeta. Nikayamwaga yote kwa pumzi moja: Mwalimu kasema, mwenye kunyonyesha anakula, analipa baadaye, Mama ule, Mama ule sasa hivi!

Kisu cha Mama kikasimama. Uso wake ulifunguka, jamani, sijui niseme vipi. Akamtazama Shangazi. "Wifi, ni kweli?"

Shangazi aliendelea kupepeta. "Kweli ni kweli. Lakini hiyo ni ya wale wanawake wa Arabuni, wanaosafiri juu ya ngamia kwenye jua la kukausha mate. Wewe hapa Kisii una jua gani? Mvua kila siku! Hebu ukae hapo ule, uone majirani watakavyosema. Si tulisema, wa Suneka hawezi." Kisha akaniita, akanifuta matope mgongoni kwa kanga yake, polepole. "Na wewe binti yangu, Mwalimu akisema neno usilikimbize njiani kama kuku. Lilete kwangu kwanza nikueleze."

"Sawa, wifi," Mama akasema. "Wewe ndiye unajua." Kisu kikaendelea na ndizi. Nami nikaona aibu kwa kutojua habari za ngamia.

Ijumaa ile Mama alianguka kisimani. Wanawake wawili walimleta wamemshika kwapa, kanga imejaa matope, na maji ya mtungi yamemlowesha yote. Walimlaza kibarazani. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayatazami kitu. Nilimchukua Hamisi kutoka ndani nikamweka kando yake kwa kuwa sikujua la kufanya, na mkono wa mtoto ulikuwa mwepesi na mkavu, ukiubana ngozi inabaki imesimama. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliyaona kwa mara ya kwanza yale maziwa mapya, kwamba hayaji, na kwamba Hamisi anakufa.

Baba hakwenda sokoni Ijumaa. Alikuwa ametoka msikitini, na alipopata habari alikuja na Mwalimu ili amsomee Mama dua. Mwalimu akainama, akaona midomo, akaona mtoto. Hakusoma. Akauliza, "Huyu amefunga?"

Wanawake wa kisimani wakamgeukia Shangazi.

"Nauliza, huyu mama anayenyonyesha amefunga? Nani amemwambia afunge?"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa laini, ulionukia kitunguu, mkono niliouamini. Akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Mwalimu, aliambiwa. Huyu mtoto alitoka chuoni kwako akatueleza, mbele yake, wazi. Si ulimwambia, binti yangu? Alisikia. Ameamua mwenyewe, kwa mapenzi ya dini. Mtu utamzuia ibada?"

Na akanibana mkono, kidogo, kunikumbusha niseme ndiyo.

Nimeishi miaka mingi baada ya pale. Nimeibiwa, nimesingiziwa, nimeachwa. Hakuna lililowahi kuniingia kama ule mbano. Habari yangu njema, ile niliyoikimbiza kwenye matope, alikuwa ameihifadhi ili aitumie kumfunga nayo Mama. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimevaa nguo hiyo nikijiona nimependeza.

"Ulisema ni ya wanawake wa ngamia," nikasema.

"Nini?"

"Mama aliuliza kama ni kweli. Ukasema ni ya wanawake wa ngamia. Ukasema maziwa ya kanisa yatoke, yataingia ya Kiislamu." Nilikuwa nalia, na meno yangu mapya yananing'ata ulimi. "Hayajaingia, Shangazi. Yako wapi?"

Mkono wake uliuachia wangu. Mmoja wa wale wanawake wa kisimani akasema, "Astaghfirullahi." Shangazi akamgeukia Baba, kama alivyozoea kumgeukia tangu utoto wao, amtetee. Na Mwalimu naye akamgeukia Baba, taratibu, akiwa ameshika kiuno.

"Juma," akasema. "Si uliniuliza jambo hilihili kabla ya mwezi kuandama? Pale barazani kwa msikiti. Si nikakwambia mkeo ale?"

Niliwahi kumdhania Baba mambo mengi, lakini hilo silo. Nilimtazama nikingoja aseme hapana. Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa na matope ya msikitini, na akaanza kuyasugua ukutani, mguu huu, kisha mguu ule.

Mama alikuwa amegeuza kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Mwalimu akainama. "Ulijua?"

Baba akaendelea kusugua kiatu.

"Nakuuliza wewe. Ulijua, ukakula futari na mimi kila siku, ukanitazama?"

"Watu walikuwa wanakusifu, Mama Hamisi," Baba akasema. "Kule msikitini. Walikuwa wanasema hawajaona mke aliyesilimu akafunga namna hii. Hata watu wa Nyamira waliniuliza. Niliona... niliona mwezi utaisha tu."

"Na hao watu," Mama akauliza, "ndio wananyonya?"

Akaniambia nilete maji. Nikaleta kata ikiwa imejaa, nikamwinua kichwa, akanywa pale kibarazani, jua liko juu, watu wanapita wakitoka Ijumaa, wengine wamesimama wanatazama. Alikunywa yote. Akaniambia nilete tena. Macho yake hayakutoka kwa Baba, na Baba hakuinua yake.

Magokoro aliitwa akaja na chinsaga zake, na safari hii alipika mwenyewe, hakumpa mtu kijiko. Maziwa yalikuja kidogo kidogo. Yalikuwa yaleyale, meupe. Hamisi alirudi kulia, kisha akaanza kunenepa, na leo ni mzee mwenye kitambi anayebishana na kila mtu. Shangazi hakufukuzwa. Alikaa nasi mpaka sisi tukaolewa, akiendelea kuwaambia majirani jinsi alivyomlea mdogo wangu. Mimi sikumpelekea tena saumu ya kuunga. Nilianza kufunga nzima mwaka uliofuata, mapema kuliko wenzangu, na kusuka nikajisuka mwenyewe, vibaya.

Mama alizilipa siku zake zote Hamisi alipoanza kula ndizi. Hakuiacha dini, ingawa labda mlitarajia ataiacha. Aliipenda. Alikwenda kwa Mwalimu akaomba kukaa nyuma ya sisi watoto, mwanamke mzima na mtoto mgongoni, akajifunza alifu mpaka akaweza kusoma mwenyewe, na aliposoma neno alilirudia mara mbili, akilikagua kama shilingi ya sokoni.

Na kwa Baba alibaki mke. Alimpikia, alimfulia, alimzalia wengine, alimuuguza mpaka mwisho wake. Lakini kumwuliza kitu, ng'o. Akitaka kujua kama mvua imeharibu njia ya Kebirigo, alinituma mimi kwa jirani kuuliza, na Baba amekaa palepale kibarazani, ametoka Kebirigo saa hiyo hiyo.